Taa za Watu Wengine

Mavyaa wangu alipokuja kutoka Mwingi
kutolewa mtoto wa jicho,
usiku wa kwanza alizima taa zote,
ya choo, ya jikoni, ya sebule,
akazima na friji, kwa kuwa nayo ina kijitaa.
Maziwa yakachacha.

Sisi tuna desturi zetu.
Ya choo huachwa kwa ajili ya Ndanu,
ana miaka sita na anasema ndani ya ndoo kuna mtu.
Ya jikoni ni ya mende:
ikiwaka, wanabaki nyuma ya jiko, wanatuheshimu.
Ya sebule ni ya Kyalo, anayelala kwenye kochi taarifa zikisomwa,
na ukizima anashtuka:
"Mbona umezima? Nilikuwa natazama."
Tokeni ya mia mbili haitufikishi wiki.
Mita hulia usiku kama kifaranga kilichofungiwa nje,
nami huinuka na simu, nabonyeza tarakimu ishirini
jicho moja likiwa bado limelala,
nakosea ya kumi na saba, naanza upya.

Nilidhani ni ubahili.
Nikamwambia Kyalo, mama yako anatuhesabia uniti.
Kyalo akasema, mwache, huyo ni mtu wa koroboi.

Usiku wa nne nikamkuta dirishani,
leso begani, bandeji kwenye jicho la kushoto,
Pipeline yote imesimama mbele yake,
ghorofa kwa ghorofa, karibu kiasi cha kupokezana chumvi.
Saa nane kasoro.
Akanong'ona bila kugeuka:
"Wale wa juu, wenye pazia la kijani,
mgonjwa wao hajapata nafuu?
Ni usiku wa tatu huu."

Sikuelewa.

"Na pale chini, kuna mtu anajifungua, au ni msiba?
Mbona sisikii kilio?"

Ndipo akanieleza, polepole,
kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
kwao taa haiwaki usiku wa manane bure.
Ukiiona kwa jirani, unavaa ndala,
unabeba sukari kidogo, au mikono mitupu,
unakwenda kuuliza ni nani.
"Nimehesabu hamsini na moja," akasema,
"nikachoka. Niende kwa yupi, nimwache yupi?
Hizi zenu nazizima
watu wasije wakasumbuka kuvaa viatu."

Ningemwambia nini?
Kwamba wa pazia la kijani anakesha na mpira wa ng'ambo,
ameweka dau la karo?
Kwamba wengine ni mende tu, wengine ni ndoo,
wengine wamelala kwenye kochi wakitazama?
Kwamba mwaka wa tano huu
simjui jina hata huyu tunayegawana naye ukuta,
namjua kikohozi?
Nikasema, "Watapona, Mama."
Akaitikia, "Amina." Akaenda kulala.

Bandeji ikatolewa. Akapanda basi la alfajiri
na kichupa cha dawa ya matone kwenye pindo la leso.
Taa zetu zikarudi kazini,
na Kyalo kwenye kochi lake.

Juzi Ndanu akashikwa na homa,
akawa moto kama sufuria, akitaja majina ya watu wa kwenye ndoo.
Kyalo amekwenda Mombasa kikazi.
Nikawasha zote, hata ya veranda tusiyoitumia,
ina nyavu za buibui na panzi mkavu ndani.
Nikasimama dirishani na mtoto begani, kitambaa cha maji mkononi,
nikajikuta nimetega sikio kwenye ngazi.
Nasubiri ndala.

Kikohozi cha jirani kilinyamaza kidogo,
kikaendelea.

Alfajiri joto lilishuka. Nikamlaza.
Ng'ambo, nyuma ya pazia la kijani, taa bado ilikuwa inawaka,
na mpira, najua, huisha kabla ya saa saba.
Mita ikaanza kulia.
Nikainama chini ya kitanda, napapasa,
ya kulia nimeipata,
ya kushoto sijui Ndanu ameitupa wapi.